Mashujaa Waliokaa Juu ya Moshi

Fungua kiganja, wewe unayenisikiliza, ukikunje kidogo kama mtu anayepokea mbegu. Sasa fikiria nimekuwekea humo mtu mdogo wa plastiki, mwenye joho mabegani na ngumi iliyofumbwa. Usimtazame usoni bado. Karibu kila mtu huanza na uso, na uso ndio unaodanganya. Mpime uzito kwanza. Acha mkono ukuambie kama ni mzito kuliko ulivyodhani au ni mwepesi, kisha ukae kimya kidogo, maana mkono huchelewa kusema. Kazi yangu huanzia hapo, na habari hii nitaianzia hapo hapo.

Ninakaa Embu mjini, juu ya duka la vifaa vya shule, katika chumba chenye dirisha linalotazama mlima. Asubuhi mapema mlima hutokea wote, kisha hujivutia wingu hadi kichwani kama mtu aliyeghairi kuamka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata baada ya kuacha kufundisha watu wameendelea kuniita mwalimu. Siku hizi nauza vitabu vya mitumba na katuni za zamani. Pia nathamini sanamu za mashujaa, zile ndogo za plastiki zilizotengenezwa kufuata mashujaa wa katuni hizo. Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaozikusanya na kuzitunza kama wengine wanavyotunza stempu. Huniletea kutoka Chuka, kutoka Runyenjes, kutoka Meru. Nyingine zimetoka kwenye marobota ya mitumba, nyingine kwenye masanduku ya wageni waliohama, nyingine chini ya kitanda cha mtoto ambaye sasa ana ndevu.

Anayeleta hutaka kujua kama sanamu yake ni ya kweli, na kama ni ya kweli, imefikaje hapa ilipo. Swali la kwanza nina majibu yake. La pili huwa ninaliota tu, mchana, jua likiwa limeingia chumbani na vivuli vya sanamu vimelala mezani virefu kuliko sanamu zenyewe.

Huenda ni kwa sababu nilikulia kwenye ukungu. Kwetu ni Meru, upande wa juu, ambako chai imepandwa hadi kwenye mipaka ya msitu. Kanisani kulikuwa na kabati la vitabu lisilokuwa na msimamizi, na ndani yake, chini ya vitabu vya nyimbo vilivyopoteza majalada, kulikuwa na rundo la katuni za Kiingereza. Sikujua aliyezileta. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, kwa hiyo nilisoma picha. Nikisogeza jicho karibu na ukurasa, rangi ilivunjika ikawa nukta nyingi ndogo, kama punje za wimbi zilizoanikwa juu ya mkeka. Nikirudisha kichwa nyuma, nukta zilikutana tena zikawa mtu anayeruka.

Shujaa mmoja nilimpenda kuliko wote. Alivaa samawati, joho lake lilikuwa la rangi ya chungwa, na kifuani alikuwa na jua lenye miale mirefu na mifupi kwa zamu. Adui yake alikuwa na uso wa bundi. Katuni ile ilikuwa imepoteza kurasa zake za mwisho. Katika ukurasa uliobaki, shujaa wangu anaanguka kutoka mnarani, joho limepinduka juu yake kama mwavuli uliovamiwa na upepo, na bundi anamtazama kutoka juu. Basi. Sikupata kujua kama alifika chini salama.

Asubuhi za kuchuma chai, ukungu ukiwa mzito kiasi cha kumficha mama yangu aliyekuwa mstari wa pili tu, niliamini kwamba yule shujaa bado yumo humo ndani, anaendelea kuanguka, polepole kama unyoya. Niliamini kwamba siku moja ukungu ungeinuka nimkute amesimama kati ya mistari ya chai, anapangusa magoti yake. Nilikua bila kumwona. Ile katuni nilipewa na kanisa walipotupa kabati, na mpaka leo ninayo, ndani ya bahasha, kwenye droo ya chini.

Sasa nikuambie kuhusu mama mmoja aliyetoka Ishiara, nyanda za chini kwenye joto.

Ilikuwa kiangazi. Harufu ndiyo iliyoingia chumbani kwanza, harufu ya moshi wa kuni za nyumbani, ule wa miaka mingi, ulioingia hadi kwenye mbao. Kisha akaingia mama mmoja mzee, mwembamba, kiondo kimebanwa kwapani, na nyuma yake binti yake wa makamo, ambaye baadaye nilijua anauza ndengu sokoni kule kwao.

“Wewe ndiye mwalimu wa wanaume wadogo?” mama aliuliza akiwa bado mlangoni.

“Ni mimi, mama. Karibuni mketi.”

“Sitaketi kwanza. Ukiniambia mabaya nikiwa nimeketi, kuinuka kutakuwa kazi.”

“Mama, keti,” binti alisema. “Ngazi zimekuchosha.”

“Ngazi hazijanichosha. Wewe ndiye umenichosha, na hayo majivu yako.”

Hatimaye aliketi, lakini ukingoni mwa kiti, kiondo juu ya magoti. Alinieleza shida yake kwa utaratibu, akinitazama kama kwamba mimi ndimi nitakayeulizwa maswali mwishoni.

Mwanawe wa kwanza alisoma shule ya bweni huko Meru. Mwalimu mmoja mgeni alipokuwa akirudi kwao alimwachia sanamu tatu, na kijana akazipenda sana hata likizo hakuziacha shuleni. Alipokuwa mtu mzima akapata kazi ng'ambo. Siku ya kuondoka alimpa mama yake mfuko akamwambia, “Mama, hawa ni wangu. Nitunzie mpaka nirudi.” Hakusema zaidi. Amekaa huko miaka mingi, mikataba ikifuatana. Sasa alikuwa amepiga simu kwamba anakuja, na katika simu hiyo, baada ya kuuliza mvua na mbuzi, aliuliza, “Mama, wale watu wangu wapo?”

“Nikamwambia wapo,” mama alisema. “Sikudanganya. Wapo. Lakini nilipowashusha, mwalimu, nilishusha mkaa.”

“Uliwashusha kutoka wapi?”

Alinishangaa. “Kitu mtu akikuambia utunze mpaka arudi, unakiweka wapi?”

“Wengine wangeweka kabatini.”

“Kabatini panya anaingia. Mchwa anaingia. Kitu cha kurudiwa unakiweka itara.”

Kama hujaishi huku, nikueleze. Itara ni dari ya fito iliyo juu ya mafiga, jikoni. Kuni hukaushwa hapo, na mbegu za kupanda hukaa hapo, mtama na kunde na ndengu, ili moshi wa kila siku uwazuie dumuzi na wadudu wengine. Kibuyu kipya nacho hupelekwa huko kikomae. Hakuna kinachowekwa itara kwa kusahauliwa. Huwekwa kwa sababu kitahitajika. Kwa hiyo mama huyu, alipokabidhiwa mashujaa wa plastiki na mtoto anayeondoka, aliwaweka mahali pa heshima kabisa katika nyumba yake. Miaka yote hiyo alipika chini yao.

“Sasa niambie ukweli,” alisema. “Mimi nilimtunzia, ama nilimharibia?”

Hilo ndilo lililomleta. Hakuuliza bei, na sikumtajia. Mtoto alikuwa anafika wiki ile ile, na mama alitaka kujua atampokea langoni akiwa mtunzaji au mharibifu. Nilitandika kitambaa cheupe mezani nikamwomba anipe mmoja mmoja.

Wa kwanza kutoka kiondoni alikuwa mwanamke, shujaa mwenye glavu za rangi ya fedha. Upande mmoja wa mwili alikuwa mweusi kama sufuria. Upande wa pili alikuwa mweupe, mweupe kupita kiasi, na nusu ya uso wake ilikuwa laini bila jicho wala kona ya mdomo.

Binti alitazama dirishani. “Sufuria ikiwa na masizi unaisugua na jivu,” alisema. “Nilidhani ni sawa tu.”

“Masizi yakatoka,” mama alisema. “Na pua ikatoka.”

“Pua haikutoka yote, mama.”

“Imebaki ya kunusa upande mmoja.”

Wa pili alifunuliwa kutoka kwenye kipande cha leso, naye alikuwa mweusi wote, joho limekakamaa mgongoni kama ngozi iliyoanikwa. Sikumtambua. Nilimweka kando kwa sababu wa tatu alikuwa tayari anatoka, na wa tatu hakuwa mweusi hata kidogo. Alikuwa amepauka. Plastiki yake ilikuwa na rangi ya mfupa, nyufa nyembamba zimempita mabegani, na kwenye uso wake wa mviringo kulikuwa na alama mbili hafifu mahali palipokuwa na macho.

“Huyo hakukaa na wengine,” mama alisema haraka. “Huyo ni bundi. Ndege anayeleta kifo, nimweke juu ya chakula cha watoto? Nilimtundika nje, chini ya paa la ghala, ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu. Nikamwambia, ukitaka kulia, lia ukiwa huko.”

Bundi. Nilirudi kwa yule mweusi. Nilimshika, nikampima uzito, nikageuza bega lake moja. Mkono uliinuka taratibu, kwa ukinzani mdogo, kama mlango wa kabati lililotengenezwa vizuri. Ni ishara njema hiyo: kiungo kilicholegea kimechezewa sana, na kilichoganda kimepata joto la kupita kiasi. Nilimgeuza nikaangalia unyayo, maana waliotengeneza sanamu hizi huacha alama yao hapo, herufi na mwaka. Kama utawahi kuangalia, usikimbilie kusema umejua umri wake. Mwaka ule mara nyingi ni wa mchoro, yaani wakati shujaa aliposajiliwa na waliomchora, na sanamu yenyewe inaweza kutengenezwa miaka mingi baadaye ikiwa bado imeandikwa mwaka ule ule. Wengi hujikwaa hapo, na wala si aibu.

Kisha nikatazama joho. Mama naye akainama kulitazama, pua yake karibu na yangu.

“Hii nguo amefunga nyuma kama leso ya kubebea mtoto,” alisema. “Lakini mtoto simwoni.”

“Labda alimwangusha,” binti alisema.

“Basi aruke amfuate. Si ndiyo kazi yake?”

Ukingo wa joho ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa uzi mwembamba. Joho la bandia hukatwa kwa mkasi likaachwa hivyo, na baada ya muda hufumuka nyuzi. Hili lilikuwa la kweli. Nililiinua kidogo, nikiogopa lisivunjike, ili nione mgongo wake. Chini ya joho masizi hayakuwa yamefika vizuri. Palikuwa na kivuli tu cha moshi, na chini ya kivuli palikuwa na samawati.

Nilifungua droo ya chini, nikatoa bahasha, nikalaza ile katuni yangu wazi mezani kwenye ukurasa wa kuanguka. Hivi ndivyo tunavyofanya siku zote, sanamu huwekwa kando ya mchoro wake ili ulinganishe rangi, umbo la kiatu, alama ya kifuani. Lakini nilikuwa sijawahi kuufungua ukurasa ule kwa ajili ya kazi. Nilipapasa kifua cheusi kwa ncha ya kidole nikahisi miale, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya moshi, na kwa muda niliona kama ukungu wa chai umeingia kwa dirisha, umetanda juu ya meza, na sasa unainuka. Alikuwa amesimama pale, magoti yake hayajapanguswa bado.

“Mwalimu,” mama alisema. “Umenyamaza. Ni mabaya?”

“Hapana, mama. Namfahamu huyu. Subiri kidogo nikuonyeshe kitu.”

Nilichukua kitambaa laini cha pamba, kikavu. Nilianza na unyayo, na nitakuambia kwa nini. Kwanza, hapo ukikosea, jicho la mtu haliumii. Pili, unyayo haukupakwa rangi kwa brashi kama uso. Plastiki yenyewe ndiyo yenye rangi, kwa hiyo hakuna cha kufutika. Nilipangusa kwa mzunguko mdogo, bila kukandamiza. Kitambaa kilibadilika kikawa cha kahawia, kisha cheusi. Nikageuza upande msafi nikapangusa tena. Mama alikuwa ameinuka sasa, ameegemea meza kwa mikono yote miwili. Kwenye kisigino, pahali padogo kama ukucha, samawati ilitokea.

Nimeona sanamu nyingi za umri ule. Karibu zote zimekaa mahali pazuri: kwenye rafu, kwenye kabati la kioo, dirishani. Watu huweka wanachokipenda mahali wanapoweza kukiona, na panapoonekana jua hufika. Jua ndilo linalokula rangi, kidogo kidogo, bila kelele, hata samawati inakuwa kijivu na mwenyewe hajui kwa sababu anaiangalia kila siku. Ile iliyokuwa kwenye kisigino haikuwa imeliwa. Nilipoiweka kando ya ukurasa, ukurasa ndio ulioonekana mzee.

Nikamweka bundi upande wa pili, na nikamweleza mama polepole. Hawa walitengenezwa pamoja na walitoka mfuko mmoja. Aliyetundikwa nje jua limemla hadi kwenye mifupa. Aliyekaa juu ya mafiga moshi umempaka tabaka juu ya tabaka, na chini ya tabaka hizo jua halikumwona kabisa.

Mama aligusa kisigino kwa kidole. “Kwa hivyo alikuwa amefunikwa.”

“Alikuwa amefunikwa.”

“Na huyu wa nje nilijua hatafika mbali,” alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, na alimsogeza bundi kidogo kutoka ukingoni mwa meza asije akaanguka.

Sikumficha yaliyobaki. Huwa nasema yote, kwa sababu mtu akiambiwa nusu atakuja kuambiwa nusu nyingine na asiyempenda. Nilimwambia kwamba joho ni kitambaa, moshi umeingia ndani ya nyuzi zake na hautatoka wote. Harufu nayo itabaki. Wakusanyaji wengine wangemshusha daraja kwa hayo mawili, na wangekuwa na haki. Kuhusu yule mwanamke wa glavu, nilisema mtu asijaribu kumchora jicho jipya, maana rangi mpya juu ya ile ya zamani huharibu zaidi ya pengo lenyewe.

Binti alikuwa hajageuka kutoka dirishani. Nilimwambia kwamba wengi wanaokuja kwangu wamesugua mpaka mwisho ndipo wakaangalia. “Wewe uliona katikati ukaacha. Jicho hilo moja limebaki kwa sababu uliacha.”

“Nilitaka kaka akute wamesafishwa,” alisema. “Nilitaka tu asipate aibu ya kushika kitu kichafu kwetu.”

“Sasa umesikia njia,” mama alisema. “Mwalimu, wasafishe wote. Nitangoja. Akija awapate waking'aa.”

“Sitawasafisha, mama.”

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji.

Nilimweleza kwamba katika kazi hii kuna jambo ambalo halirudishwi nyuma, nalo ni kusafisha. Masizi yakishatoka huwezi kuyarudisha. Wa kuamua ni mwenye mali, na mwenye mali yuko njiani. Yeye anajua walivyokuwa. Labda atataka kuwaona kama walivyo kabla ya mtu mwingine kuwagusa.

“Kwetu chombo cha mtu hakirudi kichafu,” mama alisema. “Hakirudi kichafu na hakirudi kitupu. Hiyo nimefundishwa kabla wewe hujazaliwa. Unaniambia mtoto wangu atoke huko kote aliko, anyooshe mkono, nimpe masizi?”

“Ninakuambia umpe alichokuachia.”

“Na akikasirika?”

“Mwonyeshe unyayo.”

Alimgeuza shujaa, akaangalia unyayo, akamgeuza tena. Nje mlima ulikuwa umejifunika kabisa. Niliona kwamba lilikuwa jambo gumu kwake kuliko nilivyodhani. Moshi haukuwa tatizo tena, lakini kuonwa na mwanawe kwamba ametunza vibaya, ilhali alikuwa amemtunzia kwa namna bora aliyoijua, hilo lilikuwa bado liko naye. Nilitafuta mkebe wa biskuti, nikautandikia kitambaa safi cha pamba, nikawalaza watatu ndani, bundi katikati.

“Si huyo katikati,” mama alisema.

Nikamhamishia pembeni.

Waliposhuka ngazi niliwasikia wakibishana kama ni nani atakayebeba mkebe. Harufu ilibaki chumbani hadi jioni. Sikufungua dirisha.

Wiki zilipita. Kisha siku moja mchana akapanda ngazi mwanamume wa rika langu, ndevu zimeanza mvi, mkebe wa biskuti mikononi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyoutoa. Aliuweka mezani, nikafungua: ulikuwa umejaa ndengu hadi juu, na kitambaa changu kimefuliwa na kukunjwa juu ya ndengu hizo.

“Mama amesema chombo chako kisirudi kitupu,” alisema.

Aliniambia ilivyokuwa. Alipofika langoni mama yake alikuwa amesimama na mkebe tayari, na kabla ya salamu, kabla hata hajaweka mzigo chini, alisema, “Ni weusi. Niliwaweka itara. Angalia unyayo kwanza.” Yeye hakuelewa. Alitarajia kuambiwa wamepotea. Huko alikokuwa alishajizoesha kwamba wamepotea. Aliuliza kwenye simu kwa sababu tu alikosa lingine la kuuliza. Alimgeuza shujaa akaona pale mahali padogo kama ukucha, akaketi kwenye kizingiti, na mama yake akaanza kumweleza habari za mchwa.

“Tumekuwa tukimpangusa mchana, mimi na mama na dada,” alisema. “Kila nikipitisha kitambaa mama anauliza, bado? Namwambia bado. Tumefika kifuani, kwenye jua, nikaacha. Joho sijaligusa.”

“Kwa nini umeacha?”

Alifikiri. “Likizo itaisha. Nikimaliza yote, nitakuwa nimemaliza.”

Alitaka nimpe thamani ya sanamu hata hivyo, kwa haki ya kazi yangu, nami nikampa kama ningempa mtu mwingine yeyote: ya kweli, joho la asili, viungo imara, rangi ya ajabu, imeshuka kwa moshi na harufu. Alisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa kukubali.

“Sawa. Hauzwi,” alisema. “Amerudi itara. Nilitaka kumbeba, mama amekataa. Ananiambia, huko kwenu kuna moshi? Nikasema hakuna. Akasema basi.”

“Na mwanamke wa glavu?”

“Dada amemchukua. Yuko sokoni, amesimama kando ya mizani kwenye ndengu, upande wenye jicho unaangalia wateja. Kivulini. Ulimwambia habari ya jua, sasa anawaambia wateja wote.”

Sikuuliza juu ya bundi, lakini alijua nataka kujua.

“Bundi naye ameingia jikoni,” alisema, na hapo akacheka. “Yuko itara, pembeni kabisa. Mama anasema hata bundi ana mwenyewe.”

Kabla hajaondoka nilimwonyesha ile katuni. Aliifungua kwa uangalifu akafika kwenye ukurasa wa kuanguka, akauona mahali ulipochanika. Aliwahi kuwa nayo nzima, alisema, huko shuleni. Alikumbuka ukurasa unaofuata na unaoufuata huo.

“Nikuambie kilichotokea?”

Nje, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye mashamba ya kule Manyatta, mteremkoni mwa mlima. Nilifikiria yule mtu mdogo, chini ya paa la nyasi na masizi, kati ya vibuyu na mbegu za msimu ujao, kisigino chake cha samawati kikiwa kimeelekea kwenye moto.

“Bado,” nilimwambia.

Kwa hiyo, kama kwenu kuna sanamu ya zamani mahali fulani, usiioshe leo, wala usiisugue kwa jivu au sabuni. Itoe juani kama iko juani. Chukua kitambaa laini cha pamba, kikavu, uigeuze, upanguse unyayo peke yake, pahali padogo kama ukucha wako. Rangi ikitokea, simama hapo hapo, weka kitambaa chini, umwite mwenyewe.